Je, Ni Kijana au Ni Kimo Chake?

Mgeni afikapo nyumbani kwa watu, akaketi, akanywa chai, akasifu adabu ya watoto, na huku macho yake yanapima viganja vya kijana wa nyumba ile, je, amemfuata nani? Wasomaji wapenzi, swali hili si la mzaha. Huko Marekani walimu wa mpira wa kikapu wa vyuo hupiga hodi nyumba kwa nyumba kila mwaka, wakiwabembeleza vijana warefu waje kusoma kwao, yaani waje kucheza kwao. Wala jambo hili haliko mbali nasi tena. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa 2 kati ya wachezaji wapya wote walioingia ligi ya kulipwa ya NBA. Tangu hapo mzazi wa kwetu mwenye mtoto mrefu anajua kwamba kimo chaweza kufuatwa kutoka ng'ambo ya bahari.

Nimechagua kulipima jambo hili kwa habari za mtu mmoja, kwa sababu maisha yake yana pande zote mbili. Al McGuire alizaliwa New York mwaka 1928. Alikuwa mchezaji wa kulipwa wa New York Knicks tangu 1951 hadi 1954. Hakuwa nyota, alikuwa hodari wa kukaba na hodari zaidi wa maneno, na alijigamba hadharani kwamba yeye ndiye awezaye kumzuia Bob Cousy wa Boston, aliyekuwa fundi wa mchezo huo zama zile. Mwaka 1957 alikubali kuwa mwalimu wa mchezo katika chuo kidogo kiitwacho Belmont Abbey, katika jimbo la North Carolina.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1876 na watawa Wabenediktini, ndugu wa kanuni moja na wale ambao wasomaji wetu wa Kusini wanawajua kwa Peramiho na Ndanda. Kipo katika mji mdogo uliokuwa wa viwanda vya nguo, karibu na Charlotte, katika nchi ambayo Wakatoliki walikuwa wachache mno. Kijana wa New York angekwenda huko kutafuta nini? Basi McGuire alirudi katika mitaa aliyoijua, akawaleta vijana wa mjini kwa watawa wa shamba. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 24 na kushindwa 3. Wa pili ikashinda 21 na kushindwa 2.

Hapo ndipo swali letu linapoanza kuuma. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anatenga mapenzi ya namna mbili. Kuna kumpenda mtu kwa kumtakia yeye mema; na kuna kukipenda kitu kwa sababu ya mema tunayoyapata sisi, kama mtu apendavyo divai au farasi. Mwenye farasi humlisha vizuri, humpangusa, huamka usiku akisikia anakohoa. Ukimtazama kwa nje utasema ni upendo wa kweli. Lakini siku mguu wa farasi uvunjikapo, ndipo utajua ulikuwa upendo gani. Kijana wa mpira wa kikapu naye ana goti, na goti huvunjika.

Mtu atasema: Padre, kila kazi humtafuta mtu kwa kipawa chake. Mwenye shule hutafuta mwalimu ajuaye hesabu, wala hamfanyi mwalimu kuwa farasi. Ni kweli. Nasi mapadre tusijifanye malaika, maana tunapozunguka maparokiani kutafuta waseminari hatuanzi na mtoto anayeanguka darasani. Kumtafuta mtu kwa kipawa si dhambi. Ubaya, ukiwapo, uko katika namna ya kumtafuta, na katika yale yanayofuata baada ya kumpata.

Katika hili watawa waliomwajiri McGuire walikuwa na hekima kuukuu ndani ya nyumba yao wenyewe. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 58, inaeleza jinsi ya kumpokea mtu anayetaka kuingia utawani, na mafundisho yake ni kinyume kabisa cha desturi ya makocha. Mgeni asipewe nafasi kwa urahisi. Aachwe apige hodi siku 4 au 5, avumilie kukataliwa. Akiisha kuingia, aambiwe magumu yote yaliyo mbele yake. Baada ya miezi 2 asomewe Kanuni nzima, na aambiwe kwamba akiweza kuishika aingie, asipoweza aende zake akiwa huru. Baada ya miezi 6 asomewe tena; baada ya miezi 4 mingine asomewe mara ya tatu. Ajabu iliyoje! Utawani kijana hubisha, nyumba husitasita. Katika mpira wa kikapu nyumba ndiyo inayobisha kwa kijana, ikimwonyesha mazuri tu, na magumu atayajua mwenyewe akifika.

Sisemi kwamba kocha amwache kijana barazani siku 5. Angechukuliwa na kocha mwingine kabla ya jua kuchwa. Nasema kwamba Kanuni ile imegusa mambo mawili ambayo mwenye kumtaka mtu, na si kimo chake, hawezi kuyakwepa. La kwanza ni kumwambia kweli kabla hajaingia: kwamba huenda atakaa benchi miaka miwili, kwamba wengi kabisa hawafiki kwenye ligi ya kulipwa, kwamba majira ya baridi ni makali na rafiki ni wachache. La pili ni kumwachia mlango wa kutokea.

Jambo la kwanza ni gumu kuliko watu wadhanivyo, kwa kuwa kubembeleza ni kazi inayomla mwenye kuifanya. Yule Cousy aliyetajwa juu, mtu maarufu kuliko McGuire mara kumi, naye alifundisha Boston College, chuo cha Wajesuiti, tangu 1963 hadi 1969. Timu yake ilishinda michezo 117, ikashindwa 38. Hata hivyo aliondoka, na baadaye hakuficha kwamba kuwasihi vijana wa miaka 17 waje kumchezea kulimchosha moyo. Mtu mzima mwenye sifa zake anasubiri katika sebule ya watu ili mtoto akubali kumpokea! Katika hali hiyo ulimi huanza kuteleza, na ahadi huzidi uwezo wa mwenye kuahidi.

Kuhusu mlango, kwa miaka mingi vyuo vilijiwekea mlango vyenyewe, kijana akafungiwa. Mwaka 1973 chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo vingi, kiliruhusu ufadhili wa masomo utolewe mwaka mmoja mmoja, usiwe tena ahadi ya miaka 4. Chuo kikaweza kumwacha kijana msimu ukiisha; lakini kijana aliyetaka kuhamia chuo kingine aliwekwa nje ya mchezo mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Ruhusa ya kuahidi miaka mingi ilirudi mwaka 2012, na tangu 2021 wachezaji wameweza kuhama kwa urahisi na kupokea fedha kwa matumizi ya majina yao. Wazee wengi wa michezo wanalia kwamba vijana sasa wanahama kama ndege. Mimi nawaonea huruma wazee hao, ila si sana. Kijana amejifunza kwa makocha wake.

Maana McGuire mwenyewe alihama. Misimu yake miwili ya mwisho Belmont Abbey ilikuwa mibaya: kila msimu ilishinda michezo 6 na kushindwa 18. Mwaka 1964 akaitwa na Chuo Kikuu cha Marquette, chuo kikubwa cha Wajesuiti mjini Milwaukee, akaenda. Hakuvunja sheria yoyote. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Lakini watawa wa Belmont wameweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja hadi kufa, na vijana ambao hawajamaliza masomo walibaki nao, mbali na kwao, chini ya kocha ambaye hakupata kuwapigia hodi. Nimelifikiri jambo hili sana. Siwezi kumhukumu mtu huyu, wala siwezi kusema kwamba hakuwawia deni.

Tena kuna habari ya Jim Chones, nayo yapasa kuwekwa katika mizani ileile. Huko Marquette, Februari mwaka 1972, timu ya McGuire ilikuwa imeshinda michezo 21 bila kushindwa hata mmoja, na Chones, kijana mrefu wa Racine, ndiye aliyekuwa nguzo yake. Klabu ya kulipwa ya New York Nets ikamjia na fedha nyingi katikati ya msimu. Kama angebaki miezi miwili tu, labda McGuire angetwaa ubingwa wa vyuo, ambao hakuupata hadi mwaka 1977. Kocha alikuwa na maneno, alikuwa na mamlaka, na kijana alimsikiliza. Alimwambia aende. Baadaye alieleza sababu kwa mfano wa jikoni: friji la nyumbani kwake mwenyewe lilikuwa limejaa, la nyumbani kwa Chones lilikuwa tupu.

Chones akaenda. Miaka 8 baadaye, mwaka 1980, alikuwa miongoni mwa wachezaji wa Los Angeles Lakers waliotwaa ubingwa wa NBA. Marquette, iliyokuwa haijashindwa na mtu, ilicheza michezo 8 iliyosalia bila yeye, ikapoteza 4.