Zawadi Haiondoi Deni

Tuseme jirani yako amefikwa na taabu usiku: wezi wameingia nyumbani mwake. Anakuja mbio kwako, anamfungua mbuzi wako kambani bila kungoja jibu, naye anasema, "Shida hii ni yetu sote, nitakukumbuka." Wezi wanafukuzwa, amani inarudi. Miaka inapita. Siku moja jirani yuleyule anakuja mlangoni pako na kuku mkononi, tena amewaita watu waje kutazama. Anasema, "Oneni jinsi ninavyompenda ndugu huyu; nimemletea zawadi." Nawe unangojewa upige makofi. Utafanya nini? Kuku ni mnono, na watoto wana njaa. Lakini moyoni mwako unauliza: Na mbuzi wangu je?

Wasomaji wapenzi, swali hilo la mbuzi na kuku si la kijijini tu. Ndilo swali lililobaki katika nchi yetu ya Kongo baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndilo lililogeuza siasa yetu na hata namna yetu ya kusemezana. Yafaa tulitazame bila hasira, kwa kuwa mpaka leo halijakwisha.

Mwezi wa Mei 1940 Wadachi waliingia Ubelgiji, na baada ya siku 18 jeshi la Ubelgiji likaweka silaha chini. Huko Léopoldville, Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo upande wa Uingereza na wenzake. Askari wetu walipelekwa Ethiopia kupigana na Waitalia, na mwezi wa Julai 1941 jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwao huko Saio. Habari hiyo wengi wanaijua, maana vita vya bunduki huwa na ngoma na nishani.

Lakini palikuwa na vita vingine visivyo na nishani. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliteka Malaya na Java, yaani nchi zilizokuwa zikitoa mpira na bati kwa dunia nzima. Basi macho yakageukia Kongo. Mwaka huo huo siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijijini ziliongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu walitumwa porini kutafuta mpira wa mwitu, wakiacha mashamba bila mlimaji. Wazee waliodhani kwamba mambo ya mpira yamezikwa pamoja na Leopold wa Pili waliyaona yanafufuka. Bati ilichimbwa Maniema na Kivu. Na huko Shinkolobwe, Katanga, yalichimbwa mawe ya urani yaliyotumiwa kuunda bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mchimbaji hakuambiwa ni ya kazi gani.

Nchi ya Masisi na Walikale haikukaa kando. Mwaka 1944 watu wa Kitawala, wengi wao Wakumu, waliasi katika Masisi na Lubutu, wakiongozwa na Bushiri aliyehubiri kwamba utawala wa Wazungu unakwisha. Hatusemi kwamba waasi walitenda mema tu. Nao waliwashika watu na kuwatesa. Serikali iliwazima kwa bunduki, na wengi wakafa. Baadaye ilikuwa rahisi kusema, "Walidanganywa na nabii wa uongo." Lakini nabii wa uongo hapati wasikilizaji palipo shibe na haki. Yatupasa kuuliza: ni mzigo gani uliowafanya watu wapole wa msituni wakubali neno la namna hiyo?

Wakati mpira ulipokuwa ukibebwa kwa vikapu, duniani lilikuwa likitangazwa neno lingine. Mwezi wa Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walitoa tamko kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Churchill alikuwa akizifikiria hasa nchi zilizotekwa na Hitler. Lakini neno likisemwa kwa sauti kubwa sebuleni, mtumishi aliye mlangoni hulisikia pia. Askari waliorudi walilisikia. Makarani walilisoma. Wakajiuliza: kama uhuru ni mwema hata tumeuchimbia bati na kuubebea mpira, je, wema wake unaishia ufukoni mwa Ulaya?

Sasa tutazame malipo. Ryckmans mwenyewe, alipomaliza kazi yake mwaka 1946, hakuficha kwamba watu wa vijijini wamechoshwa mno na vita, tena alitaka Ubelgiji iirudishie Kongo gharama zilizotolewa kwa ajili yake. Basi mwaka 1947 ukaanzishwa mfuko wa fedha wa kujenga zahanati, nyumba za wazazi, shule na visima vijijini. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ndiyo marudisho ya gharama za vita. Yaani lilikuwa deni. Lakini mfuko wenyewe uliitwaje? Uliitwa Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji. Mama aliyejifungulia katika nyumba safi hakuambiwa, "Hii ni haki yako, imetoka katika jasho la mume wako." Aliambiwa ashukuru.

Hatudharau zahanati zile. Watoto wengi waliishi kwa sababu yake, na wako waliozijenga kwa moyo mwema kabisa. Twasema tu kwamba jina lilikosewa, na jina likikosewa moyo nao hupotea njia.

Tazameni tena. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya kumstahi raia mwema, na mwaka 1952 njia ya kumwandikisha Mkongo awe sawa na Mzungu mbele ya sheria. Aliyeomba alichunguzwa nyumba yake, meza yake, mke wake na mwenendo wake. Katika nchi ya mamilioni walipata wachache mno. Hivyo haki iligeuzwa kuwa tuzo, nayo hutolewa kwa anayempendeza mtoaji. Huko nako tabia yetu iligeuka. Watu wenye elimu walijifunza kula kwa uma ili waonekane, na kumdharau ndugu aliyebaki na mkono wake. Magazeti na vyama vilivyoanzishwa mwishoni mwa vita na baadaye, kama La Voix du Congolais la mwaka 1945, vilianza kwa kuomba kwa adabu. Lakini anayeomba kwa muda mrefu kitu kilicho chake mwishowe huacha kuomba. Mwaka 1956 wenye gazeti Conscience Africaine walisema waziwazi juu ya ukombozi wa nchi, na mwaka huo huo maaskofu wa Kongo nao walitambua kwamba wananchi wana haki ya kushika uongozi wa nchi yao.

Mwisho wa shauri hili ulionekana tarehe 30 Juni 1960. Mfalme Baudouin alisimama akaisifu kazi ya Leopold wa Pili, na uhuru akauonyesha kuwa tunda lake. Kisha Patrice Lumumba, ingawa hakuwa katika orodha ya wasemaji, alikumbusha kazi ngumu za lazima na mshahara usiotosha chakula wala nguo, akasema uhuru umepatikana kwa mapambano. Wengi waliona ni ugomvi wa adabu. Sisi twaona ni swali la mbuzi na kuku. Mmoja alikuwa akitoa zawadi. Mwingine alikuwa akipokea deni. Watu wawili wanaohesabu hivyo hawawezi kuagana kwa amani.

Kwa nini basi tofauti hii ni kubwa? Kwanza, anayepokea zawadi huinama, lakini anayelipwa husimama. Pili, kiasi cha zawadi huamuliwa na mtoaji peke yake. Kiasi cha deni huhesabiwa na wote wawili. Tatu, zawadi yaweza kukoma kesho bila kosa, lakini deni halikomi mpaka limelipwa. Ndiyo sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Novemba 1965 juu ya utume wa walei, ulionya kwamba kitu kinachodaiwa kwa haki kisitolewe kama kwamba ni zawadi ya mapendo.

Huenda msomaji atasema, "Mkiyafanya yote kuwa madeni, mapendo yatakaa wapi?" Twajibu: mapendo huanza pale deni linapokwisha. Jirani akilipa mbuzi, halafu akaongeza kuku, kuku huyo ni zawadi kweli, na utampigia makofi bila kulazimishwa. Mwingine atasema, "Waliobeba mpira wamekwisha kufa, deni la marehemu hulipwaje?" Ni kweli, hatuwezi kuwapa mshahara kaburini. Lakini twaweza kuwalipa kwa ukweli: kuwaambia watoto kwamba babu zao hawakuwa wanapewa tu, bali walitoa.

Lakini tusiishie kuwahukumu Wabelgiji, maana hiyo ni kazi nyepesi. Katika nchi ya Walikale liko chimbo la dhahabu linaloitwa Omate. Katika nchi hiyo hiyo iko bati ya Bisie. Kwa miaka mingi wenye bunduki na wenye karatasi wamegombania machimbo ya huko, nao si Wazungu wote. Mchimbaji hushuka shimoni asubuhi, hutoka jioni na matope, na mzigo wake hupungua kwa kila mkono unaoupokea. Kisha mkubwa mmoja hutoa mabati ya shule, au chumvi na vitenge wakati wa sikukuu, na jina lake hutangazwa. Je, amewalipa kwanza waliochimba? Na kati yetu tusio wakubwa, nani anayempa mtumishi wa nyumbani nguo kuukuu kwa tabasamu, huku mshahara wake wa miezi mitatu umelala?

Basi ndugu wasomaji, kabla ya kutoa tujiulize: hiki ni zawadi au ni deni? Kama ni deni, tulipe kimya, kwa kipimo kamili, bila kuita watazamaji. Na sisi tunaodai, tuhesabu kwa haki, tusidai kwa kumwaga damu kama ilivyotokea mwaka 1944, wala tusiuze dai letu kwa kuku mmoja. Wazee walikwisha kusema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kushukuriwa.