Kumwigiza Abunuwasi Nyumbani

Katika nyumba nyingi za pwani, baada ya sala ya isha na chakula, watoto husimuliwa hekaya za Abunuwasi. Na yuko baba asiyetosheka na kusimulia. Huvuta kilemba upande, hukunja uso kama mtu aliyeonewa, akaingia jikoni kuazima sufuria ya mkewe; kisha huirejesha ina kijisufuria ndani yake, akatangaza kwamba imezaa. Siku ya pili sufuria imekufa, na mwenyewe hana la kudai, kwani aliyekubali uzazi wa sufuria atakataaje mauti yake? Watoto hucheka hata machozi yakawatoka. Swali ni hili: je, mchezo huu una lawama katika sharia?

Yapasa kwanza kumjua anayeigizwa. Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, malenga wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hata 809. Naye alifariki yapata mwaka 814. Walakini Abunuwasi wa hekaya si yeye. Kisa hichohicho cha sufuria Waarabu humsimulia Juha, na Waturuki humsimulia Nasreddin. Kisa kimoja kimetembea nchi nyingi, kila watu wakakivika jina walipendalo. Basi mwenye sufuria ile ni kiumbe wa ndimi za watu, hana heshima ya kuvunjwa wala haki atakayoidai Siku ya Kiyama. Jina tu ndilo la Mwislamu aliyekufa, na hilo lataka adabu: asizidishiwe aibu ambazo hata hekaya hazikumpa.

Haya yamehitaji kuelezwa kwa sababu maulamaa ni wakali juu ya kuigiza watu. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Bibi Aisha alimwigiza mtu mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akasema kwamba hapendi kumwigiza mtu hata kama angepata kadha wa kadha. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake al-Adhkar amekutia katika kusengenya kule kutembea kwa kuchechemea ili kuonyesha kilema cha mtu. Lakini kusengenya hakuwi ila awepo msengenywa anayejulikana, na Abunuwasi wa sufuria hayupo.

Atasema msemaji: huo ni uwongo wa kuchekesha watu, na hadithi imemtolea ole mwenye kufanya hivyo. Ni neno la haki, wala halifai kupuuzwa. Ila uwongo ni kutaka msikilizaji asadiki lisilokuwa. Na nani katika nyumba ile asadikiye kwamba sufuria huzaa? Akiwapo mtoto mdogo asadikiye, na aambiwe. Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alimbuni Abu Zaidi wa Saruji katika Makamat zake, na vizazi vya wanafunzi wamesoma hila za ayari huyo ili wajifunze lugha. Na Bibi Aisha alipokuwa akichezea vinyago vyake, miongoni mwao farasi mwenye mbawa, Mtume alimuuliza juu ya mbawa hizo. Akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo. Mtume alicheka hata magego yake yakaonekana. Nyumba ya Mwislamu haikuamriwa kununa.

Basi asili yake ni halali. Lakini halali hii ina mlango wa nyuma. Baba aliyezoea kuchekesha huona Abunuwasi amechakaa, usiku mmoja akamwongezea mguu mbovu wa jirani, au kigugumizi cha mwalimu wa chuo. Hapo watoto hucheka zaidi, kwa kuwa wamemtambua. Na kule kutambua ndiko kulikoharamisha.

Na liko lililo zito kuliko hilo, nalo halionekani upesi. Mke amuuliza mumewe: ile bangili yangu uliyoichukua kuweka rehani, umekwisha ikomboa? Mume avuta kilemba upande, akunja uso, ajibu kwa sauti ya Abunuwasi kwamba bangili, maskini, imefariki. Watoto wacheka, mke naye acheka, kwani afanyeje mbele yao? Hakuna aliyedanganywa, wala hapana neno moja ambalo kadhi angelishika. Walakini haki imeulizwa, na aliyeulizwa hakuwapo: amemtuma mtu wa hekaya ajibu badala yake. Na watoto wamejifunza kwamba kilichoazimwa chaweza kufa mkononi mwa mwazimaji, na watu wakacheka, yakaisha. Mtoto huyo kesho akiazima kisu cha jirani na asikirejeshe, babake atamrudi kwa sauti ipi?

Mchezo hauharamishwi kwa ajili ya haya. Sufuria na izae, na kilemba kivutwe upande. Lakini swali la haki likiingia katikati ya mchezo, baba na aweke kilemba sawa kabla hajajibu. Mwenye bangili adaiwa jawabu kwa sauti ya mumewe, tena usiku uleule, kabla watoto hawajaomba sufuria ife mara ya pili.