Deni la Jikoni ni la Nani?

Ndugu msomaji, liko jambo katika nchi yetu ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani umesikia vibaya. Mkoa wa Iringa ni katika mikoa iilishayo Tanzania. Mahindi ya Ismani yana sifa tangu miaka ya 1950. Viazi, maharage, vitunguu, kabichi na maziwa huteremka kutoka nyanda za juu kwa malori, usiku na mchana, hadi Dar es Salaam. Lakini ulipofanywa uchunguzi wa afya wa nchi nzima mwaka 2022, ilionekana kwamba katika kila watoto 100 wa Iringa walio chini ya umri wa miaka mitano, karibu 57 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao. Hesabu ya Tanzania nzima ilikuwa 30 katika 100. Hapana mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko Iringa, na waliofuatia ni jirani yake Njombe, kisha Rukwa, nao pia ni wakulima wakubwa wa mahindi. Ama Dar es Salaam, mji ununuao karibu kila kitu unachokula, haukufikia hata nusu ya hesabu ya Iringa.

Utasema, Iringa yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Yatuhusu, kwani yatufundisha kwamba baina ya ghala na kinywa cha mtoto pana njia ndefu, na njia hiyo yapita jikoni. Aliye na ghala tupu ana udhuru. Aliye na ghala lililojaa, na mtoto wake hakui, huyo ana swali la kujiuliza, na swali hilo halijibiwi kwa mvua wala kwa mbolea. Ni kweli kwamba kudumaa kuna sababu nyingi: maradhi ya kuharisha, maji machafu, mama aliyebeba mimba naye mwenyewe hajashiba au hajakomaa. Lakini chakula cha kila siku, na namna kinavyotayarishwa, hakiepukiki katika maneno haya.

Na sisi twaishije? Baba na mama watoka alfajiri. Asubuhi mtoto apewa chai ya rangi na mandazi yaliyonunuliwa mlangoni. Mchana ala kinachouzwa nje ya lango la skuli. Jioni mama arudi amechoka, na baba yuko barazani, basi yaagizwa chipsi mayai, au zapikwa tambi zile za dakika tatu pamoja na kidonge cha mchuzi, ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi. Na ajabu ni kwamba kile kiazi cha chipsi huenda kilitoka huko huko Njombe au Iringa, kikasafiri safari yote ile ili kije kitumbukizwe katika mafuta yaliyokwisha kaangiwa tangu juzi. Kisha akapita mzee mmoja, akaona, akatikisa kichwa akasema: “Wanawake wa siku hizi hawapiki.”

Neno hili ndilo nitakalo tulipime leo, kwani lasemwa sana, mpaka katika hotuba na mawaidha, na wasemao huliona kuwa limekwisha hukumu.

Kwanza, si kweli kwamba chakula cha kununua ni kitu kipya pwani. Mji gani wetu haukuwa na mama wa vitumbua, na mama wa mbaazi, na mzee wa kahawa? Wazee wetu walinunua kifungua kinywa chao vizazi na vizazi, na hakuna aliyesema nyumba zimekufa. Tofauti ni kwamba mbaazi zile zilikuwa mbaazi, na nazi ilikunwa siku ile ile, na muuzaji alikuwa jirani ambaye watoto wake walikula kutoka katika sufuria hiyo hiyo. Basi kununua si aibu, na mama lishe apikaye maharage na mchicha kwa moto wake ana fadhila kuliko mwenye jiko la gesi apashaye moto kitu cha pakiti. Tutazame kilichomo ndani ya sahani kabla hatujauliza sahani imetoka wapi.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, tuulize: kupika ni deni la nani?

Sisi wengi wetu wa pwani tu katika madhehebu ya Imam Shafi, na miongoni mwa vitabu vinavyosomeshwa katika madhehebu hayo ni Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa nafaqa, na kutokana na neno hilo ndipo tulipopata neno letu nafaka, Imam aeleza kiasi cha chakula kilicho juu ya mume kumpa mkewe kwa siku: mwenye uwezo mudd mbili, maskini mudd moja, na wa katikati moja na nusu, katika chakula kiliwacho zaidi katika mji ule. Hapo wengi wetu ndipo tusimamapo. Tumeleta gunia, tumemaliza. Lakini Imam hakusimama hapo. Aendelea kueleza kwamba, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kusaga nafaka hiyo na kuioka pia ni juu ya mume. Na baada ya hapo ataja kitoweo: mafuta, samli, jibini, tende, kwa kadiri ya mji na kwa kadiri ya msimu, na nyama kwa kadiri ya uwezo wa mume na desturi ya watu wake.

Hebu tafakari, ndugu yangu. Mwanachuoni wa Sham, zaidi ya miaka mia saba iliyopita, alijua kwamba nafaka peke yake si chakula. Huko Iringa, na kwetu vile vile, yuko mtoto ambaye asubuhi apewa uji wa sembe mtupu, mchana ugali na majani kidogo, jioni ugali tena, na watu wasema amekula mara tatu. Sembe iliyokobolewa imeacha kiini chake na pumba yake mashineni, na humo ndimo yalimokuwa mafuta na vitamini za mahindi. Tumbo lake limejaa, lakini kitoweo hakuna. Twamhukumu mama yake, na katika kitabu chetu wenyewe kitoweo kimeandikwa juu ya baba.

Najua yatakayosemwa. Wako maulamaa wengine, na Ibn al-Qayyim ni mmoja wao, walioona kwamba mke yampasa kuitumikia nyumba kwa mujibu wa ada ya watu wake, na hoja zao si dhaifu. Wengi pia hutaja kisa cha Bibi Fatma, aliyeumia mikono kwa jiwe la kusagia akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, naye Bwana Mtume akamfundisha yeye na Sayyidna Ali tasbihi za kusoma wakati wa kulala. Kisa ni cha kweli. Lakini wakitajapo husahau kwamba katika kisa kile hapana aliyemwambia kazi ile ni nyepesi, wala hapana aliyemwita mvivu. Na husahau yale aliyoyasimulia Bibi Aisha alipoulizwa Bwana Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akishughulika na kazi za watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala ufikapo. Basi hata tukichukua kauli ya wanaosema ni ada, ada hiyo ilikuwapo wakati mke hakutoka kwenda ofisini wala sokoni kutafuta nusu ya matumizi ya nyumba. Ada ikibadilika upande mmoja, kwa haki gani ibaki vile vile upande wa pili?

Turudi Iringa, kwani huko swali hili lilikwisha pimwa kwa mizani, na nasema mizani ya chuma.

Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe. Serikali ya Tanzania ilishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na fedha zilitoka Italia. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza: kila baada ya miezi mitatu watoto wote wadogo wa kijiji walipimwa uzito, mbele ya watu, na matokeo yakapelekwa katika uongozi wa kijiji. Mtoto asiyeongezeka hakuwa tena siri ya mama yake. Kijiji kilipaswa kuuliza kwa nini, na kutafuta la kufanya kwa mali iliyopo. Kufikia mwaka 1988 watoto waliokuwa katika hali mbaya kabisa ya uzito walikuwa wamepungua, kutoka kiasi cha 6 katika kila 100 hadi chini ya 2.

Na walipouliza kwa nini, walikuta nini? Walikuta kwamba chakula peke yake hakitoshi kuwa jibu. Yataka afya, na yataka malezi, na malezi maana yake ni mtu mwenye nafasi ya kukaa na mtoto na kumlisha. Fikra hii ya mambo matatu, chakula, afya na malezi, ilikuzwa kutokana na kazi ya Iringa, na mwaka 1990 UNICEF iliifanya kuwa msingi wa kazi zake za lishe duniani kote. Mama wa Iringa wakati wa kilimo hutoka kabla ya jua, na mtoto aliyeachishwa ziwa hubaki na dada yake ambaye naye ni mtoto. Mdogo huyu, tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kula mara moja akashiba kutwa. Ahitaji kulishwa mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Nani atapika mara nne, na mama yuko shambani?

Hapo ndipo penye faida ambayo napenda kila nyumba iijue. Uji wa mahindi una tabia moja: unga ukiiva huvimba na kunywa maji. Ukiupika mzito, mtoto mchanga hawezi kuumeza. Ukiuongeza maji, kikombe kizima kimekuwa maji, na unga ni kidogo. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, walijaribu katika kijiji cha Luganga, Iringa, kitu ambacho bibi zetu walikijua kwa kazi nyingine: kimea. Ulezi hurowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Ukipika uji mzito kabisa, ukauepua, ukatia kijiko cha unga wa kimea ukakoroga, baada ya dakika chache uji walegea na kuwa mwepesi wa kunyweka, na unga wote bado umo ndani. (Ulezi ni bora kuliko mtama, kwani machipukizi ya mtama yana sumu na lazima yaondolewe. Wala asije mtu akasema kimea ni cha pombe, hapa hakichachushwi.) Utie na karanga za kusaga zisizo na ukungu, au maziwa, au unga wa dagaa, na mtoto amepata katika kikombe kimoja alichokuwa akikikosa katika viwili.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu yaonyesha kosa la hoja yetu tuliyoizoea. Twasema, ama chakula cha haraka kibaya, ama chakula kizuri cha kukaa jikoni kutwa. Uji wa kimea ni wa haraka. Maharage nayo, ambayo ndiyo nyama ya wengi, si kazi ya kukaa kutwa: ni kukumbuka kuyaroweka usiku. Huko Iringa, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, maji huchemka kiasi cha nyuzi 95 tu, na mwanamke wa pwani aliyeolewa huko hushangaa maharage yamekataa kuiva. Kuroweka kwamwokolea mkaa na saa nzima. Kuroweka huchukua dakika moja. Kinachotakiwa ni mtu wa kukumbuka, na wa kukumbuka aweza kuwa yeyote katika nyumba, mwenye ndevu na asiye na ndevu.

Na asiseme mtu wakati haupo. Tazama Ramadhani. Kazi ni zile zile, ofisi hupunguza saa kidogo au hazipunguzi kabisa, watu wamefunga na wana kiu. Lakini katika nyumba zetu, magharibi ikiadhiniwa, uji wa pilipili manga upo, mbaazi zipo, mihogo ya nazi ipo, samaki yupo, na watu wote wamekaa pamoja. Saa hizo zimetoka wapi? Zilikuwapo. Nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kwamba ikifika wakati fulani watu watakula, na watakula kilichopikwa.

Lakini tuliangalie hilo nalo kwa uadilifu. Wakati mwanamume anasoma Kurani akingoja adhana, ni nani aliyekuwa mbele ya moto tangu alasiri? Na wakati wa tarawehe, ni nani aliyebaki na vyombo? Waulize mabinti wa nyumba yako Ramadhani iliyopita walisoma juzuu ngapi, kisha waulize na ndugu zao wa kiume.