Furaha ya Jikoni ni ya Nani?

Jumapili moja baada ya Misa tuliketi chini ya mwembe pamoja na wazee wenzetu, na mazungumzo yakageukia somo la siku ile, yaani habari za Martha na Mariamu katika Luka 10. Mhubiri alikuwa ametuasa tusiwe kama Martha. Sisi wazee tulikuwa tukikubaliana naye kwa vichwa huku tukinywa chai. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya vikombe akasimama, akasema kwa adabu lakini bila kucheka: "Shikamooni wazee wangu. Na sisi tungekuwa Mariamu sote leo, hiyo chai mnayokunywa ingetoka wapi?"

Tulicheka, kama wanaume wanavyocheka wakikosa jibu. Lakini neno lile tulirudi nalo nyumbani, na hata sasa halijatutoka. Kwa maana mara nyingi katika mikutano yetu husemwa kwamba mama Mkristo hana budi kuona furaha katika kupika, kufagia na kutunza watu wake. Basi twauliza: je, kazi hizi za kila siku zina furaha ya kweli, ile itokayo kwa Mungu? Au ni mzigo tu, nao huitwa furaha na wale wasioubeba?

Yatupasa kukiri kwanza kwamba sisi hatukuwa na haki ya kusema lolote. Tulifundisha zaidi ya miaka thelathini, tukasahihisha madaftari yasiyo na idadi, walakini hatukuwahi kusonga ugali hata mara moja mpaka tulipopita miaka sitini. Hayo tulilelewa nayo. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuatwa kwa mama, na zamani mume ndiye aliyehamia kwa watu wa mkewe. Lakini ukoo kuwa wa mama hakukumfanya baba aguse mwiko. Jandoni tulifunzwa mambo mengi ya kiume. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alijitahidi sana kuifanya jando iwe ya Kikristo, na tunamshukuru. Ila jikoni hakutupeleka. Chuoni nako, siku za Elimu ya Kujitegemea, wanaume tulikwenda shambani na majembe, wenzetu wa kike wakajifunza sayansi kimu. Tukirudi tulikuta chakula tayari, tukaona ndivyo dunia ilivyo.

Kisha mama watoto wetu aliteleza uani na ndoo ya maji, akavunjika mkono wa kuume. Watoto wako mbali. Akakaa miezi mitatu na bandeji, na chakula kikabaki juu yetu.

Kisamvu ndicho kilichotufundisha. Tulidhani ni majani tu, unachuma, unachemsha, unakula. Mama watoto akiwa amekaa juu ya kigoda alituelekeza: chuma yale machanga ya juu tu, twanga mpaka kinu kitoe mlio mwingine, chemsha bila kufunika na bila pupa, kisha ndipo utie karanga zilizosagwa. "Mlio mwingine" ni upi? Hakuweza kutueleza. Tulitwanga siku tatu tofauti, na siku ya nne tukausikia. Mchi ulikuwa ukigonga kwa ukavu, mara ukaanza kuzama kama unaopiga tope. Wapendwa, hatuoni haya kusema kwamba moyo ulituruka kama wa mtoto aliyesoma neno lake la kwanza ubaoni. Tulifundisha watoto wengi kusoma, nasi tulikuwa tumesahau furaha ile ikoje kwa anayejifunza.

Tukaanza kuona mengine. Harufu ya karanga zikikaribia kuungua, ambayo ni nzuri kuliko ya karanga zilizoiva sawasawa. Ming'oko iliyochemshwa na chumvi kidogo, ambayo majirani walituletea kutoka porini, jinsi ganda lake linavyovuka lenyewe chini ya kidole. Ukimya wa saa kumi na moja alfajiri, moto ukiwa umeshika, na nyumba nzima bado imelala. Tulizoea kusali asubuhi tukiwa tumepiga magoti kando ya kitanda, mara nyingi kwa usingizi. Pale penye mafiga hatukusinzia.

Lakini hapa ndipo penye tatizo, wala hatutaki kulipita upesi. Katika miezi ile mitatu majirani walitusifu mno. Kila aliyepita uani alisema, "Mwalimu, hongera! Mwalimu anapika!" Mama watoto alikuwa amepika katika uwanja uleule kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, na hatukumbuki aliyesimama njiani kumpa hongera. Hata sisi hatukumpa. Ni rahisi kuifurahia kazi unayoifanya miezi mitatu, unayosifiwa kwayo, na ambayo unajua itakwisha bandeji ikitolewa.

Wale waliozaliwa Newala watakumbuka na jambo la maji. Juu ya nyanda za Makonde mvua hunyesha, lakini mchanga huimeza. Hakuna mto, hakuna chemchemi. Maji yako chini, mabondeni. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala ukatazama bonde la Ruvuma, utasifu uumbaji wa Mungu. Wageni hupiga picha. Mama zetu waliujua mteremko wa nchi hii kwa nyayo. Waliondoka usiku, wakashuka, wakangoja zamu kisimani, wakapanda na maji kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyasukuma maji kutoka bondeni kwa mitambo, na miaka ya 1970 na 1980 Wafini walisaidia sana kazi za maji katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi. Twashukuru. Walakini kila mtu wa huku ajua maana ya bomba lililokauka. Sasa, ni nani atakayemwendea mama anayepanda mlima na ndoo, amwambie, "Furahi katika kazi yako"? Sisi hatuwezi. Tukimwambia hivyo na mikono yetu ikiwa mitupu, tumemtwika ndoo ya pili.

Kwa hiyo wengine husema afadhali tuache kabisa habari za furaha, tuseme ni kazi ngumu, basi. Nalo hilo hatulikubali. Mtu akisema kazi ya jikoni ni utumwa mtupu, amemdharau aliyeifanya kwa akili na upendo, kana kwamba alikuwa punda. Tuchukue muhogo, chakula chetu cha kila siku. Muhogo mchungu una sumu. Ukimenywa na kuanikwa majuma mawili au matatu ukawa makopa makavu, sumu hupungua sana. Mwaka 1988 hapa wilayani Masasi, wakati wa upungufu wa chakula, watu waliugua kwa kula muhogo ambao haukutayarishwa vya kutosha. Kuna unga wa upesi ambao watu wa huku huuita chinyanya: muhogo mbichi hutwangwa, huanikwa kidogo, huliwa siku ileile. Waliofanya haraka hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa na watoto wenye njaa. Tena uko ugonjwa uitwao konzo, nao umeonekana katika mkoa wetu, ambao huipooza miguu yote miwili ghafula, wala hauponi.

Wataalamu wamefundisha njia ambayo mama watoto aliijua kabla yetu. Unga wa makopa hutiwa katika beseni, ukawekwa alama ulipofikia. Hutiwa maji na kukorogwa, unga ukashuka. Maji huongezwa mpaka ufike tena kwenye ile alama. Kisha hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ikatoka na hewa. Ndipo unasongwa ugali siku hiyohiyo. Tulipoufanya mara ya kwanza tuliona saa mbili ni nyingi, tukataka kuukusanya. Mama watoto akasema, "Subiri, baba. Miguu ya watu haina haraka." Tangu hapo kila tuonapo unga umetandazwa uani kwa mtu, twajua kwamba ndani ya nyumba ile yuko mtu anayewapenda wenziwe, hata kama siku hiyo amenuna.

Yuko mtawa mmoja Mfaransa, Ndugu Lawrence, aliyefariki 1691, aliyefanya kazi miaka mingi katika jiko la nyumba ya Wakarmeli mjini Paris. Anajulikana duniani kwa kufundisha kwamba mtu aweza kuwa na Mungu katikati ya masufuria sawasawa na mbele ya Sakramenti. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba kwa asili yake hakuipenda kazi ya jikoni hata kidogo. Furaha ile haikuwa tabia yake. Ilimjia polepole ndani ya kazi aliyoichukia. Hilo hututia moyo. Ingawa, tukisema kweli, Ndugu Lawrence hakuwa na mtoto mgongoni, na nyumba yake ilijaa watawa ambao kila mmoja alikuwa na zamu ya kazi. Pengine ile zamu ndiyo siri yenyewe.

Turudi kwa Martha, kwa sababu twaona ameonewa. Bwana hakumkemea kwa kupika. Alimwambia anahangaika kwa mambo mengi. Na Martha mwenyewe hakulalamika kwamba kazi ni mbaya. Alilalamika kwamba ameachiwa peke yake. Ukisoma mbele, katika Yohana 11, ni huyo Martha anayemkiri Yesu kuwa Kristo, Mwana wa Mungu. Na katika Yohana 12, karamu ya Bethania, ameandikwa tena: Martha alikuwa akihudumu. Safari hii hakuna malalamiko wala karipio. Alikuwa bado jikoni. Hatuambiwi ni nani aliyekuwa akimsaidia, lakini tungependa kudhani kwamba Lazaro, aliyetolewa kaburini, aliweza walau kuleta kuni.

Na Bwana mwenyewe, akiisha kufufuka, wanafunzi walimkuta ufuoni amewasha makaa, na samaki juu yake, na mkate. Wao walikuwa wamekesha kazini bila kupata kitu. Hakuwauliza nani kati yao atapika. Alikuwa amekwisha kupika.

Mkono wa mama watoto umepona. Tulipanga wenyewe: siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mafiga ni yetu, na maji tunachota zamu kwa zamu bomba likitoa. Wazee wenzetu hutucheka kidogo pale mwembeni, nasi tumewaalika mmoja mmoja kuja kula. Alhamisi iliyopita tulipika kisamvu, tukautandaza unga saa mbili kamili kwa saa ya ukutani, tukasonga, tukaandaa. Mama watoto akaonja, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema chumvi imezidi, akajipakulia mara ya pili.