Wanangu, Msimlishe Mtu Limbwata

Wanangu, jambo hili hunong'onwa saluni, vibarazani na hata kwenye kumfunda mwali, basi mimi nitalisema kwa sauti. Anayekushauri umtilie mumeo limbwata kwenye mchuzi ili atulie hakutakii mema, hata akiwa shoga yako wa chanda na pete.

Mabango ya waganga wanaoiuza mnayaona kwenye nguzo za umeme: mganga kutoka Sumbawanga, mganga kutoka Pemba, hurudisha mpenzi aliyekuacha, na namba ya simu chini. Ukipiga, huulizwi mligombania nini. Unaulizwa jina la mama yake, picha yake, na pesa ya kufungulia kazi. Siku zikipita kimya utaambiwa kazi imekwama, wakubwa wanadai mbuzi mweusi; kama mbuzi huna, tuma thamani yake. Ukichoka ukataka kuacha, ndipo sauti inapobadilika. Siri yako anayo, picha anazo, na jina la mumeo analijua. Hapo mtu huuza hata cherehani yake kwa kuogopa kuumbuliwa.

"Lakini bibi, wapo waliofanikiwa." Nawasikia. Mwanamume aliyesusa hurudi nyumbani kwa mengi: hasira zimepoa, kawakumbuka wanawe, huko alikokwenda pesa imemwishia. Akirudi, sifa zote ni za mganga. Asiporudi, kosa ni la mke, kavunja mwiko. Kwa hesabu hiyo mganga hashindwi kamwe. Na waliokosa hamtawasikia, maana nani atajitangaza?

Kinachonitisha zaidi ni chungu cha chakula. Unga wa limbwata hujui umetwangwa na nini, na mwingine huchanganywa na uchafu wa mwili nisioweza kuutaja mbele yenu. Mume akianza kutapika usiku, utamwambia nini daktari? Kumlisha mtu kitu ili kumdhuru ni jinai, na "nilimpenda" haitamrudishia afya yake. Tena Sheria ya Uchawi, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928, inamtia hatiani anayejidai ana nguvu za uchawi na anayekutwa na zana zake. Siwasemi waganga wa mitishamba waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hao wana kazi yao, na mwarobaini haujakosekana uani kwangu.

Na ninyi mnaotaka kumvuta mume au mke wa mtu, Waislamu wenzangu wanaijua Suratul Baqara, aya ya 102, ilivyoukemea uchawi wa kuwafarakanisha mke na mume. Vijana wa kiume msidhani nawasema dada zenu tu. Pete za mvuto na mafuta ya kujipaka kabla ya kumtokea binti, nani huvinunua?

Haya, tuseme dawa imeshika. Akikuletea khanga, utajuaje kama ni yeye aliyekukumbuka au ni unga? Kila wema wake utautilia shaka, na kila akichelewa utarudi kwa mganga kuongeza dozi. Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema ndoa ni muungano wa hiari. Mwenzako ana haki ya kukupenda akiwa na akili zake timamu, na ana haki ya kukukataa.

Kwa hiyo ndoa ikiyumba, ongea naye kwanza. Likishindikana, yupo shangazi, yupo somo yako, yupo mshenga aliyeleta posa, wapo masheikh na mapadri. Kuna na baraza la usuluhishi wa ndoa kwenye kata, ambalo hata mahakama hukutaka upitie kabla ya kudai talaka. Asiyekutaka baada ya yote hayo, mwache aende, ulie umalize.

Nawe uliyekwisha kutuma pesa na sasa unatishiwa, usitume tena hata shilingi. Usifute ujumbe wake wala namba yake. Njoo kwa mtu mzima unayemwamini, mwende pamoja polisi. Hatutakucheka.