Damu Inayojua

Mtu mzima aliyekulia mashamba ya Kilifi, sasa ana duka lake Makadara, Mombasa, akishikwa na homa husema ni kamalaria tu. Anameza dawa, kesho yuko kazini. Ndani ya damu yake mna kingamwili zinazokitambua kimelea cha Plasmodium falciparum hata kikibadili mavazi, na maabara kubwa za dunia zinakesha zikiutafuta ujuzi huo. Mwenyewe hana habari nao. Je, mtu aweza kujua jambo asilojua kwamba analijua?

Daktari Mkenya Faith Osier ameijenga juu ya swali la namna hii kazi ya maisha yake. Alianza kazi hapa kisiwani Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani, kisha akaenda Kilifi kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, kilichoanzishwa 1989. Katika wodi ya watoto pale, mwana amepoteza fahamu kwa malaria, na mama aliyelala naye chandarua kimoja hana hata kichwa kinachomuuma. Tayari 1961, huko Gambia, watafiti walitoa kingamwili kwenye damu ya watu wazima wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua. Kwa hiyo jibu limo damuni. Ni lipi hasa, ndipo kazi ilipo, maana kimelea kina jeni zaidi ya 5,000.

Kazi yenyewe haina fahari. Tone la damu kiooni, rangi ya Giemsa, tone la mafuta, jicho kwenye darubini: pete ndogo ya buluu yenye kinukta chekundu. Hesabu moja. Sogeza kioo. Hesabu nyingine. Shingo ndiyo hutangulia kuchoka. Tena ni kazi ya miaka mingi: chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto 2021. Kati ya miaka hiyo mtu ameajiriwa kijana akastaafu, na chanjo yenyewe kinga yake si kamili, tena hufifia.

Wanaouita ujuzi huu wa damu zawadi ya asili hunikera kidogo. Uliletwa na vifo: mwenye kinga ni yule aliyebaki. Na haudumu. Aliyezaliwa Pwani akakaa Ulaya miaka mingi, akirudi likizo huweza kulazwa kama mgeni. Kilifi penyewe, malaria ilipopungua miaka ya 2000, umri wa watoto wanaolazwa kwa ugonjwa huo ulipanda, kwa sababu mbu wakiadimika mwili haupati somo mapema. Sikukuu ya Idd, watoto wanaogombea bembea uwanja wa Makadara, nani angewatakia somo hilo? Mtafiti anajaribu kuwapa elimu bila karo, na sioni kazi ya kisayansi yenye adabu zaidi.

Lakini karo ililipwa na mtu. Kwenye majokofu ya utafiti huhifadhiwa damu ya watoto waliofuatiliwa vijijini mwaka baada ya mwaka, kila kichupa na nambari badala ya jina, ili kulinda siri yao. Wengine wao ni watu wazima leo, wana watoto wao wa kupeleka kliniki. Damu waliyotoa wakiwa wadogo bado inaulizwa maswali, na majibu yanachapishwa kwa majina ya wengine.