CHEO NI AMANA: NENO KWA WAFANYAKAZI WA LETA

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, nawausia na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah. Leo tunasema na ninyi mnaofanya kazi ya Leta hapa Lubumbashi: katika komini, mashule, hospitali na mabiro ya jimbo la Haut-Katanga.

Tunajua shida zenu. Wako wanaotumika miaka bila nambari ya matrikule, wakingoja mshahara usiokuja. Wako waliobaki gredi moja, wakiona wengine wanapandishwa kwa kabila au kwa bahasha. Sheria ya watumishi wa Leta ya tarehe 15 Julai 2016 inataka kazi ya kila mmoja ipimwe, lakini shetani ananong'ona: "Nawe nunua cheo."

Kutafuta cheo peke yake si dhambi. Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya maghala ya nchi. Alitoa sababu mbili tu: ni mlinzi, na anaijua kazi. Hakutaja ukoo, wala hakupeleka zawadi. Njaa ilikuwa inakuja, na watu walihitaji mtu wa kulinda chakula chao. Lakini Abu Dharr (R.A.), sahaba mpendwa, alipoomba uongozi, Mtume (S.A.W.) alimkatalia. Alimweleza kwamba hana nguvu za mzigo huo, na kwamba asiyeutimizia haki yake atajuta Siku ya Kiyama.

Basi wewe unayetaka kupanda, jiulize kwanza: Je, mimi ni mlinzi? Je, kazi naijua?

Tazama mfano. Mtoto akizaliwa, wazazi wana siku 90 za kumwandikisha. Zikipita, lazima hukumu ya mahakama. Mama anatoka Katuba na mtoto mgongoni, karani anamwambia "rudi kesho" kwa kuwa hakutoa matabishi. Kesho inakuwa wiki, siku 90 zinapita, na gharama inamwangukia mama. Karani huyo akipewa gredi ya juu, amepanda wapi mbele ya Allah?

Nawe shefu wa biro, ukidai wadogo wako wakuletee fungu kila jioni, umewatuma kula mali ya watu kwa ajili yako. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi, alitenga mali akisema sehemu moja ni zawadi yake. Mtume alipanda mimbari akakemea: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Zawadi ilikifuata kiti, haikumfuata yeye.

Tushike haya:
1. Jifunze kazi yako na sheria inayoilinda.
2. Mhudumie maskini kama unavyomhudumia tajiri.
3. Shefu, unapopima wafanyakazi andika ukweli, awe Muislamu au asiwe, wa kabila lako au la wengine. Aliye bora apande, hata akikupita.
4. Uliyedhulumiwa cheo, dai haki yako kwa njia ya sheria, bila bahasha. Riziki yako iko kwa Allah, haiko mfukoni mwa shefu.

Ee Allah, utupe viongozi walinzi wenye elimu, na utujaalie riziki ya halali. Aamin.